Mwembamba au Aliyekonda: Visawe vya "thin" na Jicho la Anayetazama

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wafasiri na wahariri, walimu wangu mliofika, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie visawe. Kwa kuwa somo hilo ni pana kuliko muda niliopewa, nimeamua kuchukua kivumishi kimoja tu cha Kiingereza, tena cha kawaida kabisa, ambacho mwanafunzi wa shule ya msingi hapa Dar es Salaam hukutana nacho mapema: "thin". Kivumishi hiki kina ndugu wengi, wakiwamo "slim", "slender", "skinny", "lean", "gaunt", "scrawny", "lanky" na "emaciated", na wapo wengine ambao leo sitawagusa. Mfasiri mwenye haraka huwapeleka wote kwenye mlango mmoja wa Kiswahili, nao ni "-embamba". Ninachotaka kusema ni kwamba lugha hizi mbili zinayagawa maneno ya wembamba kwa misingi tofauti. Kiingereza huyagawa zaidi kwa jicho la anayetazama, yaani kama anakipenda au hakipendi anachokiona. Kiswahili huyagawa zaidi kwa historia ya anayetazamwa, yaani kama ndivyo alivyoumbwa au amefika hapo akitokea hali nyingine. Mfasiri asiyeyaona mafungu haya mawili kwa pamoja anaweza kutoa tafsiri ambayo kila neno lake limo kamusini, na bado mtu anayeelezwa humo asiwe yule aliyemo katika matini ya asili.

Nianze na "thin" lenyewe. Ni neno la Kiingereza cha kale, na wanaisimu wanalifungamanisha na mzizi wa kale wenye maana ya kunyoosha au kuvuta, mzizi ule ule uliozaa neno la Kilatini "tenuis". Mantiki yake inaeleweka, kwani kitu kikivutwa hupungua unene. Likitumika kwa karatasi, waya au ubao, halisifu wala halilaumu. Likitumika kwa mwanadamu huanza kuegemea upande wa wasiwasi, na ndiyo sababu Mwingereza anayetaka kumsifu mwenzake hatalichagua hili, bali atasema "slim" au "slender".

Hayo mawili nayo si pacha. Neno "slim" lilitoka Uholanzi, ambako asili yake ilikuwa kitu kilichopinda au kibaya. Binamu yake wa Kijerumani, "schlimm", mpaka leo maana yake ni "baya", na Mholanzi wa sasa akimwita mtu "slim" anamaanisha kwamba ana akili. Kiingereza kililipokea katika karne ya 17, kikaliacha baya lake njiani na kulifanya sifa ya umbo. Kwa matumizi ya leo, "slim" ni neno la uzito: mtu anaweza kujitahidi, akapunguza chakula na kukimbia ufukweni asubuhi mpaka akawa "slim". Kwa "slender" juhudi haiingii sana. Hilo ni neno la umbile, husemwa kwa shingo, vidole, nguzo au shina la ua, na ndani yake mna urembo ambao mwenye nao amezaliwa nao. Hapa, basi, Kiingereza kinachungulia kidogo katika historia ya mtu, lakini hakiishi humo.

Upande wa pili wa mizani yupo "skinny", aliyetokana na neno la ngozi, kana kwamba msemaji haoni kingine mwilini isipokuwa hiyo ngozi iliyoshika mifupa. Ni neno la utani baina ya marafiki na la kejeli baina ya maadui. Mwenzake "scrawny" ni mkali zaidi, na Waingereza hupenda kulitumia kwa shingo, hasa za kuku na za wazee. "Lanky" ni wembamba uliochanganyika na urefu na viungo visivyojua vikae wapi. Sisi tungesema mtu huyo ni mrefu kama mlingoti, na sioni sababu ya kutafuta zaidi ya hapo.

Mwanafalsafa Bertrand Russell, akizungumza katika kipindi cha redio ya BBC mwaka 1948, aliuonyesha mchezo huu kwa kunyambua sifa kama tunavyonyambua vitenzi: mimi nina msimamo, wewe ni mkaidi, yule ni mpumbavu asiyesikia. Hali ni ile ile moja, ila inabadilika jina kadiri inavyosogea mbali na msemaji. Visawe vya "thin" vinaingia katika kanuni hiyo bila kusukumwa. Mimi ni "slender", wewe ni "thin", yule ni "skinny", na huenda sote watatu tukipanda mzani tukawa na kilo zile zile. Daktari Peter Mark Roget, aliyechapisha hazina yake maarufu ya maneno ya Kiingereza mwaka 1852, aliyaweka maneno ya wembamba katika kundi moja na maneno ya ufinyu, bila kueleza tofauti zao, kwa kuwa aliwaandikia watu waliokwisha kuijua lugha na walihitaji kukumbushwa tu. Sisi tunaoitumia hazina ya namna hiyo tukiwa wageni wa lugha hiyo tunaingia sokoni ambako bidhaa zimepangwa vizuri lakini hazina bei.

Sasa turudi nyumbani. Kiswahili nacho kimeweka wembamba na ufinyu pamoja, maana "-embamba" hutumika kwa kidole na kwa kichochoro pia. Lakini kwa mwili wa mtu, neno tunalolitumia kila siku si kivumishi, ni kitenzi: kukonda. Tofauti hii ya kisarufi ina uzito mkubwa. Nikisema "Asha ni mwembamba", nimeeleza umbo lake na nimemaliza. Nikisema "Asha amekonda", nimesema kwamba zamani hakuwa hivyo, kwamba jambo fulani limetokea katikati, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni jambo gani. Ndiyo maana hapa mjini, anayekutana na jamaa yake baada ya miezi kadhaa hasemi tu "umekonda" akaishia hapo, huunganisha na swali: "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Mwenye adabu zaidi, hasa akiwa mbele ya mtu mzima, atapunguza makali kwa kusema "umepungua", nalo neno hilo linaacha nafasi ya kuaminika kwamba mwenyewe ndiye aliyeamua kupungua.

Tazameni pia tunavyolinyambua: kukondesha. Mawazo humkondesha mtu, madeni humkondesha mtu, na taarabu haijachoka kutuambia kwamba mapenzi ndiyo yanayokondesha kuliko yote. Kiingereza hakina kitenzi chepesi cha mtaani cha kubeba maana hiyo. Kina kitenzi "slim", lakini hicho ni cha mtu anayejipunguza kwa makusudi. Ukitaka kusema kwamba huzuni imemkondesha mama wa watu itakubidi uzunguke.

Kuna maneno yetu mengine ambayo mfasiri anayatupa kwa kudhani kwamba ni ya mtaani mno. "Kimbaumbau", ambalo watoto humalizia kwa "mwiko wa pilau", linakaribiana sana na "skinny" katika utani wake, kwa sababu linacheka bila kuuliza habari za ugonjwa. "Amekauka kama ng'onda" linamfaa yule wa "scrawny", na anayemjua ng'onda, samaki aliyetiwa chumvi akaanikwa mpaka mgongo na mbavu zikahesabika, hahitaji maelezo zaidi. "Kipotabo", neno la vijana wa Dar es Salaam kwa msichana mdogo wa umbo anayependeza, linaweza kuchukua nafasi ya "petite" katika mazungumzo ya riwaya, ijapokuwa mimi binafsi nisingeliweka katika sauti ya msimulizi. "Njiti" lina mtego wake. Zamani kidogo lilikuwa la kumcheka mwembamba, kumfananisha na kijiti cha kiberiti, lakini siku hizi magazeti na wahudumu wa afya husema "mtoto njiti" kwa heshima kamili wakimaanisha mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza miezi yake. Mhariri anayekuta "njiti" katika muswada sharti aangalie umri wa anayeitwa hivyo.

Nitatoa mifano miwili ya maandishi ambayo wengi wenu mnayafahamu.

Wa kwanza ni ule wa Kaisari na Kasio katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuichapisha mwaka 1963, kisha akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969. Kaisari anataka azungukwe na watu wanene, wanaolala usiku, na anamwogopa Kasio kwa sababu ya sura yake, ambayo Shakespeare anaieleza kwa maneno "lean" na "hungry". Kwa nini "lean"? Neno hilo kwa asili ni la mnyama na la nyama: mwili usio na mafuta, ambao kilichobaki ndani yake ni msuli. Lina sifa na hatari ndani yake kwa pamoja. Mkimbiaji wa mbio ndefu ni "lean", na mbwa mwitu aliye mawindoni ni "lean" vilevile. Shakespeare aliichukua habari hii kwa Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, kupitia tafsiri ya Thomas North ya mwaka 1579, na humo North alikuwa ameandika kwamba Kaisari aliwaogopa watu waliopauka na kukonda kama mizoga. Shakespeare aliuondoa mzoga akaweka njaa. Badiliko hilo ni dogo kwa macho, lakini mzoga hauna mpango wowote na mwenye njaa anao. Mfasiri anayemwita Kasio "mwembamba" anapoteza tishio lote. Akimwita "aliyekonda" amekaribia, ila msomaji wa Kiswahili atamwonea Kasio huruma kwanza kabla ya kumwogopa, kwa sababu kukonda kwetu kunaita pole. Hapo kazi ya kutisha inalazimika kubebwa na neno la pili, lile la njaa, na mfasiri akilichagua vibaya hilo la pili hana tena pa kushika.

Mfano wa pili unajulikana na Wakristo na Waislamu kwa pamoja, maana kisa chenyewe kimo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, na pia katika Sura Yusuf. Ni ile ndoto ya Farao. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inawaita ng'ombe saba wabaya kwa neno lililoundwa kutokana na "lean" na nyama, lakini masuke saba mabaya inayaita "thin". Mtafsiri wa Kiswahili wa Biblia ya Union alifanya jambo ambalo linanipendeza kila nikilisoma: ng'ombe kwake wamekonda, masuke ni membamba. Hakulazimisha kivumishi kimoja kibebe viumbe wawili. Ng'ombe ana historia, alikuwa na malisho yakamwishia, kwa hiyo anastahili kitenzi. Suke lilitoka hivyo hivyo kwenye bua, likakaushwa na upepo, kwa hiyo kivumishi kinalitosha.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera. Upande wa pili wa mpaka, Uganda, wananchi walikuwa wameshaupa ugonjwa huo jina la Kiingereza: "slim". Mwaka 1985 madaktari waliokuwa wakifanya utafiti huko waliuandika kwa jina hilo hilo katika jarida la tiba la Lancet. Neno ambalo London lilikuwa likiuzia vyakula vya kupunguza mwili na nguo za wasichana, kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria lilikuwa ni kifo. Sidhani kama kuna mfano mkubwa kuliko huu wa jinsi kisawe kinavyoweza kubadilisha upande kikivuka bahari. Na athari yake haijaisha. Mtu wa makamo wa Afrika Mashariki akisikia kwamba jirani "amekonda ghafla", anasikia mambo ambayo kijana wa Ulaya hayasikii, na mfasiri wa riwaya iliyoandikwa miaka ile anapaswa kuyaacha yasikike bila kuyaeleza.

Kwa madaktari hali ni tofauti, kwa sababu wao wamejaribu kuyang'oa maneno haya katika hisia na kuyafunga kwenye namba. Neno lao kwa wembamba wa kupindukia ni "emaciated", la Kilatini, baridi, lisilomcheka mtu. Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani huhesabu uzito pungufu pale ambapo kilo zake, zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake katika mita, hazifiki 18.5. Kwa watoto, wataalamu wetu wa lishe wametengeneza istilahi tatu ambazo naziona ni kazi nzuri sana ya Kiswahili: udumavu, ambao ni ufupi usiolingana na umri, uzito pungufu, ambao ni uzito usiolingana na umri, na ukondefu, ambao ni uzito usiolingana na urefu. Istilahi hiyo ya tatu imejengwa juu ya kitenzi kile kile cha kukonda, na imejengwa vizuri, kwa sababu mara nyingi inachokitaja ni mtoto aliyepoteza uzito katika muda mfupi. Mhudumu wa kliniki huzungusha mkanda wa rangi kwenye mkono wa mtoto mwenye umri wa kati ya miezi sita na miaka mitano, sehemu ya katikati ya bega na kiwiko; ukisoma chini ya sentimita 11.5, rangi inayoonekana ni nyekundu, na hapo hakuna mjadala wa visawe. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu ya kutosha kabisa. Kwa hiyo mwandishi wa habari anayeandika "watoto wembamba" akimaanisha makundi yote matatu ameharibu taarifa, hata kama sentensi yake ni fasaha.

Kuhusu vitu nitapita haraka. Supu ambayo ni "thin" kwetu si nyembamba, ni nyepesi, kama uji. Nywele zikiwa "thin" ni chache au zimepungua. Hewa ya kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya hapa pwani, tunaiita hafifu. Kisingizio kikiwa "thin" hakina kichwa wala miguu. Nafasi ikiwa "slim" ni finyu. "Lean" buchani ni steki, na muuza nyama wa Buguruni anaelewa hivyo bila kamusi, ingawa kwake tofauti kubwa ni ya mfupa kuliko ya mafuta. Mtego uko kwenye sauti: tukisema mtoto au mwimbaji ana sauti nyembamba, tunasema ni ya juu, na mara nyingi tunamsifu; Mwingereza akisema sauti ni "thin", anasema haina nguvu wala kina. Na "skinny", tusi la mwili wa mtu, likihamia kwenye suruali huwa ni mtindo unaotafutwa. Wauzaji wa Kariakoo hawakulitafsiri tusi hilo. Waliziita suruali hizo "modo", kutokana na wale wanamitindo wa jukwaani, na kwa kufanya hivyo walichagua jicho la sifa badala ya jicho la kejeli. Mafundi rangi wa mtaa wa pili nao wanaliuza "thin" kwenye makopo bila kujua, wakiliita "tina", yaani "thinner", kimiminika cha kupunguza uzito wa rangi.

Nibakize neno moja ambalo bado linanisumbua, nalo ni "gaunt". Ni la uso zaidi kuliko mwili: mashavu yaliyobonyea, macho yaliyoingia ndani, mifupa ya paji la uso inayojitokeza, na chanzo chake huwa ni mateso, njaa au uzee. Hapa jicho la Mwingereza na historia ya Mswahili vinakutana, kwa sababu neno lenyewe linaonyesha sura na pia linadokeza alikotoka mwenye sura hiyo. Tuna "gofu la mtu", lakini gofu ni mwili mzima na ni hatua ya mwisho, jengo limeshaanguka. "Gaunt" bado anatembea, na wakati mwingine ana hadhi ya kutisha, kama mzee mtawa aliyefunga siku nyingi. "Dhaifu" halitoshi, kwa kuwa mtu huyu anaweza kuwa na nguvu. "Aliyesawajika" ndilo ninaloliegemea kwa sasa, kwa sababu kusawajika ni kwa uso na kunabeba ndani yake maradhi au taabu iliyoufanya upoteze nuru, ijapokuwa halionyeshi mifupa. Katika matini ndefu ningegawa kazi: niseme uso umesawajika, kisha niyataje mashavu yaliyobonyea katika sentensi hiyo hiyo. Wapo wenzangu wanaopenda "uso uliokonda", na hoja yao ni kwamba msomaji analielewa mara moja. Nakubali kwamba analielewa. Nisichokubali ni kwamba analiona, maana uso wa msichana aliyeacha wanga kwa miezi miwili nao umekonda, na hakuna Mwingereza atakayeuita "gaunt".

Kuhusu habari za biashara, ambazo wahariri wengi waliomo humu huzishughulikia kila jioni: kampuni inayojitangaza kuwa imekuwa "lean" haijakonda. Imepunguza gharama, au imepunguza wafanyakazi, na mara nyingi ni hilo la pili. Andikeni lililotokea, kwa kitenzi chake.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Nadhani Ndugu Mwenyekiti ametenga muda wa maswali.